Mdogo Wangu Hakuwa na Madharau

Nilipokuwa na miaka kumi na moja niliwadanganya wazazi wangu, mwalimu wangu na darasa zima kwamba sioni vizuri. Nilidanganya kwa ustadi, na sitajifanya hapa kwamba nilijuta tangu mwanzo. Sikujuta. Nilitaka miwani jinsi watoto wengine wanavyotaka baiskeli, na nilijua nitaipata.

Yalianza muhula wa pili, nikiwa darasa la tano, msichana mgeni alipoletwa kwetu kutoka shule moja ya Lavington. Shule yetu ilikuwa Dagoretti, nyuma ya soko, na upepo ukigeuka tulipata harufu ya kichinjio hadi ndani ya darasa. Msichana huyo alivaa miwani ya fremu ya zambarau. Mwalimu alimketisha dawati la mbele, akamwinamia na kumwuliza kwa upole kama anaona ubao. Sisi wengine hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Msichana alipotaka kujibu swali aliisukuma miwani juu ya pua kwa kidole kimoja, na hata akikosa jibu ilionekana kama amekosa kwa kufikiri sana. Nilimtazama wiki nzima. Ijumaa niliamua.

Uongo wa namna hiyo unataka mazoezi. Nilianza kukunja uso kila nilipotazama ubao, nikabana macho hadi yakabaki nyufa mbili, nikatoa shingo mbele kama kuku anayechungulia. Kitabu nilikishika karibu na pua. Nikipita mlangoni niligonga bega, si kwa nguvu sana. Nilijua kuuliza, "Mwalimu, hiyo ni sita ama ni sufuri?" nikiwa naona wazi kwamba ni sita. Jioni nilimwambia Mama kichwa kinaniuma, hapa, katikati ya macho. Dalili hizo zote sikuziiga kwa msichana mgeni. Yeye hakubana macho wala hakugonga milango, kwa sababu alikuwa na miwani yake. Nilizitoa mahali pengine, na wakati huo sikujiuliza ni wapi.

Tuliishi kwenye ploti yenye vyumba vilivyopangana pande mbili, uwanja katikati na kamba za nguo juu yake. Baba alikuwa fundi wa mbao. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya Ngong, na hapo alitengeneza vitanda na makabati. Mama alifanya kazi ya nyumba kule Lavington, akitoka asubuhi na mapema na kurudi jioni akiwa na mfuko wa mboga. Watoto tulikuwa wawili tu: mimi na mdogo wangu, msichana wa miaka tisa, darasa la tatu.

Mdogo wangu alijulikana ploti nzima kwa jambo moja, nalo ni madharau. Hakuwa akisalimia watu. Mtoto mwingine akikutana na mtu mzima njiani husema "Habari ya jioni," na akiwa ni mtu wa kanisani kwetu husema "Bwana asifiwe." Yeye alipita tu, uso mbele, kama mtu aliyekasirishwa nyumbani. Ukimwita kwa jina aligeuka na kuitika vizuri, hata kwa tabasamu. Lakini nani ana muda wa kumwita mtoto ili mtoto amsalimie?

Siku moja mama mwenye ploti alikuja mlangoni petu, mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye kupenda madera mapana yenye maua.

"Mama," alimwambia mama yangu, "huyu mtoto wako wa pili ana shida gani? Nimesimama hapo uwanjani, namngoja anisalimie, akanipita kama mti."

Mama alimwita mdogo wangu. "Ulimpita mama hapo nje?"

"Sikumwona."

"Hukumwona? Mtu mzima hivi?"

Mdogo wangu alikuwa mtoto mkweli, na ukweli ndio uliomponza. "Nilimwona," alisema, "lakini nilifikiri ni shuka imeanikwa."

Nilicheka. Nilicheka kabla sijajizuia, na kicheko changu kilifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Mama mwenye ploti alivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji. Mama alimfinya mdogo wangu paja, akampigisha magoti kwenye saruji aombe msamaha, naye akaomba, akilia, huku akimwangalia yule mwanamke kwa karibu kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Tulisema ni kiburi. Hata akiomba msamaha, tulisema, anamkazia mtu macho.

Wala hakuna aliyeshuku macho yake, kwa sababu nyumbani yeye ndiye aliyekuwa na macho makali. Mama alimpa mchele achague, na hapakuwa na kijiwe kilichompita. Sindano ikitaka uzi aliitwa yeye. Aliweza kuona mwiba ndani ya kidole cha Baba uliomshinda Baba mwenyewe, akautoa kwa ncha ya kucha. Shuleni ndiko alikoshindwa. Madaftari yake yalikuwa nusu nusu, sentensi zimeanzwa na kuachwa, na mwalimu wake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Mvivu. Hamalizi kazi. Baba alisaini chini ya maneno hayo bila kubisha.

Basi mimi niliendelea na kazi yangu. Baada ya kama wiki tatu mwalimu wangu alinihamisha hadi dawati la pili kutoka mbele, kisha akaniandikia barua ya kupeleka nyumbani, akiwashauri wazazi wanipeleke nikapimwe. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati pamoja na penseli yake ya kuchorea mbao.

"Jumamosi tutaenda mjini," alisema.

Mama alikuwa kazini Jumamosi hiyo, na mdogo wangu hakuwa na wa kubaki naye, kwa hiyo tulienda watatu. Nilivaa gauni la Jumapili. Nakumbuka tukipanda ngazi za jengo moja katikati ya mji, Baba mbele, mkono wake umemshika mdogo wangu kwa sababu alikuwa na tabia ya kujikwaa kwenye ngazi, na mimi nyuma yao nikichagua rangi. Sitaki zambarau, nilikuwa nimeamua. Zambarau ingeonekana kama nimeiga. Nilitaka nyekundu.

Chumba cha kupimia kilikuwa ghorofa ya pili, kirefu na chembamba, na mwisho wake palining'inizwa ubao mweupe wenye herufi: kubwa juu, ndogo chini. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu, nywele fupi, sauti ya chini. Alinikalisha kwenye kiti, akanifunika jicho moja kwa kifuniko cheusi chenye umbo la kijiko.

"Nisomee kutoka juu."

Nilisoma mstari wa kwanza sawasawa. Wa pili nikakosea herufi moja. Wa tatu nikabana macho, nikatoa shingo, nikakisia kwa shida. Wa nne nikasema sioni kabisa. Nilikuwa nimepanga hivyo usiku uliotangulia, nikiwa kitandani, na nilijipongeza kwa jinsi nilivyoshuka taratibu, bila pupa.

Daktari alinivalisha fremu nzito ya chuma, ya duara, akatoa lenzi mbili kwenye sanduku la mbao, akazitumbukiza.

"Na sasa?"

"Eh!" nilisema. "Sasa naona!" Nikasoma mistari yote hadi ule mdogo wa mwisho, bila kukosa hata herufi moja.

Alinivua fremu, akatoa zile lenzi, akaniwekea moja kiganjani. "Itazame," alisema. "Hii haina nguvu yoyote. Ni kioo tu, kama cha dirisha."

Nyuma yangu nilisikia benchi la Baba likilia. Alikuwa amesimama.

"Daktari, unasema…"

"Nasema macho ya huyu ni mazuri kuliko yangu na yako." Hakukasirika. Alivuta kiti akaketi mbele yangu, magoti yetu yakikaribia kugusana. "Lakini kuna jambo nataka kujua. Hivyo unavyobana macho na kutoa shingo, nani alikufundisha? Watoto wengi huja hapa wakitaka miwani, lakini wao husema tu hawaoni. Wewe umefanya vile mtu asiyeona hufanya hasa."

"Hakuna aliyenifundisha."

"Umeona wapi?"

Nilikuwa nimeshikwa, na mtu akishikwa hutafuta wa kushikwa naye. Nilinyoosha kidole kuelekea kwenye benchi. "Yeye ndiye hufanya hivyo akitazama runinga."

Daktari aligeuka. Mdogo wangu alikuwa ameketi karibu na ukuta, miguu ikining'inia, akiangalia upande wetu kwa macho yaliyobanwa, shingo mbele.

"Hebu mlete," daktari alimwambia Baba.

Nilishuka kwenye kiti, yeye akapanda. Daktari alimfunika jicho. "Nisomee ile herufi ya juu, ile kubwa."

"Wapi?"

"Pale mwisho, kwenye ubao mweupe."

"Naona pale peupe," mdogo wangu alisema. "Kumeandikwa?"

Baba alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayefikiri mtoto anafanya mzaha mahali pasipo pa mzaha. "We, acha mchezo. Soma."

"Baba, mngoje," daktari alisema. Alimshusha mdogo wangu, akamwambia atembee polepole kuelekea kwenye ubao na asimame atakapoona herufi. Alitembea. Alipita katikati ya chumba. Alipita meza. Alisimama alipokuwa karibu kuugusa ubao kwa mkono, akasema, "E," na kisha, kwa furaha ya mtu aliyepata jibu la mtihani, akasoma zote zilizofuata.

Baba alikaa chini tena.

Vipimo vya kweli vilichukua muda mrefu. Daktari alibadilisha lenzi moja baada ya nyingine kwenye ile fremu ya duara, akiuliza, "Hii au hii?" na mdogo wangu akijibu bila kusita. Mimi nilisimama kando ya mlango nikiwa nimechukia. Nitasema ukweli: sikumwonea huruma. Niliona ameichukua miwani yangu. Nilikuwa nimefanya kazi ya wiki tatu, na yeye aliyeketi tu kwenye benchi ndiye aliyepewa. Kwa hasira hiyo nikamtolea ulimi, kama nilivyozoea kumtolea kutoka upande wa pili wa chumba kila aliponiudhi. Sikuwahi kumwona akijali.

"Ametoa ulimi!" mdogo wangu alipiga kelele. Alikuwa amenielekezea ile fremu kubwa ya chuma, mdomo wazi. "Baba! Ametoa ulimi wote!" Akaanza kucheka, akacheka hadi fremu ikateleza puani na daktari akaishika.

Nilirudisha ulimi ndani. Miaka yote hiyo nilidhani ana moyo wa kusamehe.

Daktari alimweleza Baba kwamba mtoto huyu anaona karibu lakini haoni mbali. Anaweza kutunga uzi kwenye sindano, lakini mtu akisimama mlangoni hamjui ni nani. Ubao wa darasani kwake ni ukuta mweusi tu.

"Ni ugonjwa?" Baba aliuliza.

"Si ugonjwa. Ni umbo la jicho. Jicho lake limekuwa refu kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo picha haifiki mahali pake."

Baba alifikiria. "Kama droo iliyokatwa ndefu. Haifungi."

"Kama droo," daktari alikubali, akitabasamu. "Lakini hii hatuipigi randa. Tunaiwekea miwani, na tunampima kila mwaka, kwa sababu bado anakua na jicho linakua naye."

Tulitoka tukaambiwa turudi baada ya wiki moja. Chini, kando ya barabara, Baba alitusimamisha mbele ya duka lililofungwa. Nilijua zamu yangu imefika.

"Wewe umenidanganya," aliniambia. "Umemdanganya mama yako na mwalimu. Leo jioni utamwambia mama yako kwa mdomo wako. Jumatatu utamwambia mwalimu. Mimi sitakusaidia neno."

"Ndiyo, Baba."

Kisha akamgeukia mdogo wangu, na sauti ikabadilika, ikawa kama ya mtu anayeuliza bei ya kitu anachoogopa. "Na wewe? Mbona hukusema kwamba huoni?"

Mdogo wangu alimtazama bila kuelewa. "Niseme nini? Mimi nilidhani kila mtu huona hivi. Nilidhani nyinyi mnakisia vizuri kuliko mimi."

Baba alitoa leso akajipangusa uso, ingawa hapakuwa na jua. Alitununulia chipsi, sahani moja tuliyokula watatu tukiwa tumesimama, na ndivyo alivyosema alichotaka kusema.

Jioni nilimwambia Mama. Nilimwambia yote, tangu fremu ya zambarau hadi kioo cha dirisha, nikiwa nimesimama katikati ya chumba na mikono nyuma. Nilitarajia kofi. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamtazama mdogo wangu aliyekuwa sakafuni na sinia la mchele, akasema polepole, "Shuka imeanikwa." Aliketi sakafuni, akalivuta sinia, wakachagua mchele pamoja. Kofi langu halikuja, na nimeishi na kutokuja kwake vizuri tu.

Jumatatu mwalimu wangu alinisikiliza akiwa ameweka kalamu chini. Alinirudisha kwenye dawati langu la zamani, la pili kutoka nyuma, na akanipa kazi ya kufuta ubao hadi mwisho wa muhula. Lakini siku ileile aliwaambia darasa zima wafunike jicho moja, kisha la pili, na wasome kalenda iliyokuwa ukutani. Wawili walishindwa. Hakuna aliyekuwa amewashuku, na hakuna kati yao aliyewahi kubana macho kwa ufundi kama mimi.

Miwani ilipokuja, ilikuwa na fremu nyeusi, ya plastiki, ngumu, iliyochaguliwa na Baba kwa jinsi anavyochagua bawaba: ilikuwa lazima idumu. Shuleni walimwita Profesa kwa siku nne, kisha wakachoka. Shida haikutoka shuleni. Shida ilitoka kwa Mama.

Mama hakuwa mkatili, wala hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyetunza vitu. Alikuwa na sahani ambazo hatukulia, na kitambaa cha meza kilichotoka Krismasi hadi Krismasi. Miwani ya mtoto aliiona hivyohivyo. Tena kulikuwa na mwanamke wa kanisani aliyemwambia kwamba mtoto akizoea miwani, macho yake mwenyewe hulala na hayaamki tena. Kwa hiyo mdogo wangu akirudi kutoka shule, Mama aliivua miwani usoni pake, akaifunga kwenye kitambaa laini, akaiweka kwenye kabati, rafu ya juu, nyuma ya zile sahani.

"Hii ni ya shule," alisema. "Hapa nyumbani unatuona sisi wote. Tuko karibu."

Mdogo wangu alivumilia. Mimi sikuvumilia, lakini baada ya uongo wangu neno langu kuhusu macho halikuwa na uzito nyumbani, kwa hiyo nilinyamaza. Nilingoja. Haikuchukua wiki mbili.

Ilikuwa Jumamosi, Mama hakuwa kazini, na mama mwenye ploti alikuja tena mlangoni, safari hii na dera la kijani. Mdogo wangu alikuwa ametumwa dukani kununua chumvi na alikuwa amerudi nayo.

"Mama, nilikuwa nimenyamaza," mama mwenye ploti alianza. "Nikasema mtoto amebadilika. Wiki yote hii asubuhi akienda shule ananisalimia vizuri, mpaka nikafurahi. Leo amenipita pale kwa lango kama kawaida yake. Kwani salamu ni za siku za shule peke yake?"

Mama aligeuka kumtafuta mdogo wangu, na niliona mkono wake ukianza kujiandaa kufinya. Nilisimama katikati yao. Sikuwa nimepanga. Miguu ilienda yenyewe.

"Mama mwenye ploti," nilisema, "hakukuona. Si madharau. Miwani yake iko kwa kabati, nyuma ya sahani. Asubuhi anakuona kwa sababu anaivaa akienda shule. Akirudi inawekwa, na akishaivua hawezi kukujua, hata ungekuwa na dera la moto."

"We!" Mama alisema. "Unaongea na mtu mzima hivyo?"

"Ni ukweli, Mama. Mimi nilidanganya juu ya macho yangu, lakini yake sidanganyi. Mwambie atoke asimame pale langoni, umwonyeshe vidole, umwulize ni vingapi."

Mama mwenye ploti alimtazama Mama, Mama akamtazama mdogo wangu aliyesimama na pakiti yake ya chumvi. Kisha yule mwanamke mkubwa akafanya jambo ambalo limenifanya nimheshimu hadi leo. Alitoka, akavuka uwanja kwa hatua zake nzito, akasimama langoni, akainua mkono.

"Vingapi?" alipaza sauti.

Mdogo wangu alibana macho, shingo mbele. "Umeinua mkono?" aliuliza.

Mama aliingia ndani. Tulisikia sahani zikigongana. Alitoka na kile kitambaa laini, akakifungua, akamvalisha mdogo wangu miwani kwa mikono yake miwili, akimsukumia nywele nyuma ya masikio.

"Vitatu!" mdogo wangu alisema mara moja. "Na una pete. Na kuna mtu nyuma yako amebeba kuku!"

Kweli kulikuwa na mtu barabarani amebeba kuku, akielekea sokoni, akatugeukia akishangaa kwa nini ploti nzima inamcheka.

Kuanzia siku hiyo miwani haikuingia kabatini tena ila usiku. Na mdogo wangu alisalimia. Alisalimia hadi ikawa kero. Aliwasalimia watu waliokuwa ng'ambo ya barabara, waliokuwa juu ya paa wakigonga mabati, waliokuwa mbali kiasi kwamba sisi wenye macho mazuri tulikuwa hatujaamua bado ni nani. "Bwana asifiwe, mama!" alipaza sauti kutoka kona moja ya soko hadi nyingine, na watu waligeuka na vikapu vyao, wakitafuta ni nani anayewasifia Bwana kwa nguvu hivyo. Mama mwenye ploti alimzoea, akaanza kumwita rafiki yangu.

Ningependa kusema alikuwa wa kwanza darasani mwisho wa mwaka. Hakuwa. Madaftari yalijaa, Kiswahili kikapanda, na mwalimu wake wa darasa la tatu alimwita mbele ya wenzake akamwambia, "Nilikuita mvivu na hukuwa mvivu," jambo ambalo sijamsikia mwalimu mwingine akilifanya. Lakini hesabu zilibaki palepale chini. Daktari alipomwuliza kwenye kipimo cha mwaka uliofuata kama sasa masomo yanaenda vizuri, mdogo wangu alijibu kwamba hesabu anaziona vizuri sana, tatizo ni kwamba haziingii.

Likizo ya Agosti, mwaka huohuo wa kipimo cha pili, Baba alipata kazi ya kuweka makabati ya jikoni katika nyumba moja Karen, nyumba kubwa yenye miti mirefu hadi langoni. Alitupeleka siku mbili tumsaidie kufagia vumbi la mbao. Siku ya pili alikuwa juu ya ngazi, akishikilia kabati la mwisho kwa bega, skrubu mdomoni, na hakuweza kuona kama limelingana na mengine. Mimi nilikuwa karibu naye na ufagio. Hakuniuliza mimi. Alimwita mdogo wangu, aliyekuwa mwisho wa jikoni kando ya mlango wa bustani.

"Niambie. Liko sawa?"

Mdogo wangu aliweka chini pipa la takataka, akaisukuma miwani juu kwa mgongo wa mkono, akatazama. Hakuharakisha. "Upande wako wa kulia uko chini. Inua kidogo. Kidogo tena. Hapo umezidisha, shusha. Hapo hapo."

Baba alipiga skrubu ya kwanza. Alishuka, akachukua pima maji, akaiweka juu ya kabati, na tukasogea wote watatu kuangalia kile kipovu kikitulia katikati ya mistari yake miwili.

"Rudi pale ulipokuwa uniambie na mlango wake," Baba alimwambia, na akarudi kwenye ngazi.